Kodi Ikishafika Mwaloni

Mwaka 2011 Serikali ya Tanzania iliamua kukomesha uchakachuaji wa dizeli kwa njia ambayo haikuhitaji askari hata mmoja. Ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa kutoka shilingi 52 kwa lita hadi shilingi 400.30, na ule wa dizeli ukashushwa kutoka shilingi 314 hadi 215. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Mchakachuaji alichanganya mafuta ya taa kwenye dizeli kwa sababu moja tu, nayo ni unafuu wa bei. Unafuu ukiondoka, biashara yake haina maana tena. Na kwa sehemu kubwa ndivyo ilivyokuwa, wenye malori wakapumua.

Lakini mafuta ya taa hayakuwa ya wachakachuaji peke yao. Kando ya Ziwa Victoria, kuanzia Igombe na Kayenze hadi visiwa vya Ukerewe, wavuvi wa dagaa walikuwa wakiwasha karabai juu ya maji kila giza linapoingia, maana dagaa huvuliwa mwezi usipokuwapo angani, wakivutwa na mwanga wa taa. Kwa mtu wa namna hiyo, nyongeza ya karibu shilingi 350 kwenye kila lita ilikuwa adhabu ya kosa ambalo hakulitenda. Hakuna aliyemlenga. Hotuba ya bajeti haikumtaja. Alilipa tu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na kibuyu mkononi pale kodi ilipotua. Baada ya miaka kadhaa wengi walihamia kwenye taa za betri na za sola, na huko kuhama nako kulikuja kwa sababu ile ile ya bei, si kwa semina wala kampeni.

Naileta habari hiyo kwa sababu ndani yake yamo mambo mawili ambayo wapanga kodi huyapita haraka. La kwanza, kinachomhamisha mtu ni tofauti kati ya bei mbili, si ukubwa wa kodi peke yake. Mchakachuaji aliacha kwa sababu tofauti ilifutika. Mvuvi alibadili taa kwa sababu tofauti ilijitokeza. La pili, kodi ni mradi kama ulivyo mradi wa kisima au barabara. Ina michoro yake Dodoma, na ina maisha mengine kabisa ikishafika mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki.

Sasa zamu imefika kwa sigara za kielektroniki, zile ambazo vijana wa mjini huziita vepu. Shirika la Afya Duniani, WHO, limekuwa likizihimiza nchi ambazo hazijazipiga marufuku zizibane, kodi ikiwa mojawapo ya njia. Kenya imekwisha kupandisha ushuru wake zaidi ya mara moja. Uganda ilikwenda mbali zaidi, ikazipiga marufuku kabisa kwa Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya 2015. Tanzania tuko katikati ya majirani hao wawili, tukigawana nao ziwa moja, na hoja ya kuongeza kodi juu ya vepu kwa jina la afya ya jamii inapata watetezi kwa urahisi sana. Nani atasimama bungeni kutetea mvuke wenye harufu ya embe?

Mimi naipinga nyongeza hiyo. Siipingi kwa sababu vepu ni kitu kizuri. Nikotini ni nikotini, inamfunga mtu, na mtoto wa sekondari hana sababu yoyote ya kuionja. Naipinga kwa sababu, kama shabaha ni afya, tutakuwa tumepiga mahali pasipo na ugonjwa mwingi na kuacha penye ugonjwa wenyewe. Na nikiri kwamba upande huu nina majirani nisiowapenda: kampuni za tumbaku nazo hupinga kodi hizi, kwa sababu zao za mfukoni. Hoja haiwi mbaya kwa sababu mwenye maslahi ameitamka, lakini msomaji ana haki ya kujua nani mwingine yumo kwenye mtumbwi.

Tuanze na kinachoua. Mvutaji wa sigara hutafuta nikotini, lakini kinachomuua hasa ni moshi: ile lami inayoganda mapafuni, kaboni monoksaidi, na mamia ya sumu zinazozaliwa jani linapoungua. WHO huhesabu zaidi ya vifo milioni 7 kila mwaka duniani vinavyotokana na tumbaku. Sigara ya kielektroniki haichomi jani. Hupasha kimiminika kikawa mvuke. Mvuke huo si hewa safi, na madhara yake ya miaka mingi bado yanafuatiliwa, lakini mwaka 2015 wakala wa afya ya umma wa Uingereza ulikadiria kuwa madhara yake ni pungufu kwa asilimia 95 yakilinganishwa na ya sigara. Kadirio hilo limebishaniwa sana, na wanaolibishia wana hoja. Hata ukilipunguza kwa kiasi kikubwa, bado vitu hivi viwili haviko ngazi moja. Na mapitio ya tafiti ya Cochrane, ambayo hayana sifa ya kushabikia jambo, yamekwisha kusema kwamba vepu zenye nikotini huwasaidia watu kuacha sigara kuliko vibandiko na jojo za nikotini.

Kama ngazi si moja, kodi nayo inapaswa kupanda kwa ngazi. Hapo ndipo Kenya inapotoa somo.

Kwa marekebisho ya sheria za kodi ya Desemba 2024, Kenya ilipandisha ushuru wa kimiminika cha nikotini kutoka shilingi 70 za nchi hiyo kwa mililita hadi shilingi 100. Kwa marekebisho yale yale, sigara elfu moja zikawekewa ushuru wa shilingi 4,100. Chukua kalamu. Pakiti ya sigara 20 inalipa shilingi 82. Kichupa cha mililita 10 kinalipa shilingi 1,000. Hata ukichukua kikopo kidogo cha mililita 2, ambacho kwa watumiaji wengi hukaribia mahitaji ya pakiti moja, kinalipa shilingi 200, zaidi ya mara mbili ya pakiti. Kwa mtu wa Kisumu mwenye kifua kinachokoroma, aliyefika dukani akiwa na nia ya kuachana na moshi, Hazina ya nchi yake imemwambia kwa lugha ya bei kwamba arudi kwenye sigara. Sidhani kama kuna mbunge aliyekusudia hivyo. Lakini hata mwaka 2011 hakuna aliyemkusudia mvuvi wa dagaa.

Na hili halikuanzia kwetu. Jimbo la Minnesota, Marekani, lilikuwa la kwanza nchini humo kuzitoza kodi bidhaa hizi mwaka 2010, na mwaka 2013 likapandisha kodi hiyo hadi asilimia 95 ya bei ya jumla. Wachumi waliokuja kupima matokeo yake walikadiria kuwa watu wazima 32,400 zaidi wangeacha sigara laiti kodi hiyo isingekuwapo. Estonia, nchi ndogo iliyopakana na Urusi na Latvia, ilianza kutoza vimiminika mwaka 2018. Watu wakaanza kununua ng'ambo ya mpaka na kujichanganyia nyumbani, hadi mwaka 2021 serikali ikasimamisha kodi hiyo kwa muda. Estonia ina mpaka wa ardhi, ina kompyuta kila kituo, ina raia milioni moja na ushei. Sisi tuna ziwa.

Ziwa lenyewe lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, karibu nusu yake ikiwa upande wa Tanzania. Mialo yake ni mingi kuliko vituo vyote vya forodha vya ukanda huu. Ukiacha Bandari ya Mwanza, Musoma, Bukoba, Nansio na Kemondo, kila ufukwe wenye mchanga ni bandari kwa mtu mwenye mtumbwi wa injini. Mabondo ya sangara, bidhaa yenye thamani kubwa kwa uzito mdogo, yamekuwa yakitoroshwa kwenda nchi jirani miaka nenda rudi licha ya doria. Mwaka 2018, enzi za Waziri Luhaga Mpina, Operesheni Sangara ilipita kwenye mialo ikichoma nyavu haramu na kutoza faini ambazo baadhi ya wavuvi hawatazisahau. Ilikuwa operesheni kubwa kuliko chochote ambacho Mamlaka ya Mapato, TRA, inaweza kukipeleka majini kwa ajili ya vepu. Nyavu haramu hazijaisha hadi leo. Sasa kifaa kinachoenea kwenye kiganja, kisicho na harufu ya samaki, kitazuiwa na nani? Na BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo, ambacho kazi yake ni kulinda rasilimali za uvuvi?

Nimesema tusipige mahali pasipo na ugonjwa. Nenda Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, asubuhi, pale dagaa wanaposhushwa na magunia kupangwa, uangalie mikono ya watu. Hutaona vepu. Utaona sigara moja moja, fegi inayonunuliwa kwa sarafu na kuwashwa kwa kiberiti kilichofungwa kamba kwenye kibanda ili kisichukuliwe. Utaona ugoro chini ya mdomo wa mzee, na kuberi, tumbaku ya kutafuna, kwenye shavu la kijana anayebeba mizigo. Vepu ziko kwingine, kwenye kumbi za starehe za katikati ya jiji, kwenye vyumba vya wanafunzi wa vyuo, kwenye kurasa za Instagram ambako mteja anaagiza na bodaboda anamletea hadi getini. Bei ya kifaa kimoja ni makumi ya elfu ya shilingi. Baharia anayelipwa kwa mgao wa usiku hawezi kuigusa.

Kwa hiyo mtu anaweza kuniuliza: kama maskini wa mwaloni hana vepu, kodi ya ziada inamdhuru vipi? Swali zuri. Leo haimdhuru, ila inamfungia mlango ambao hajaufikia. Bidhaa zote huanza ghali. Simu ya mkononi ilianza ikiwa ya wakubwa, sola vilevile. Kinachoifikisha bidhaa kwa mtu wa chini ni bei kushuka, na kodi inayopandishwa mapema huihakikishia bidhaa hiyo kubaki mchezo wa mwenye nacho: mtoto wa mwenye nacho ataendelea kuinunua kwa kuwa pesa si yake, na mvutaji wa miaka ishirini ataendelea kuwasha kiberiti. Yaani tutakuwa tumeacha kundi tulilotaka kulilinda likiwa pale pale, na tumelizuia kundi ambalo lingefaidika. Sijui mpango gani wa afya unaoweza kujivunia hilo.

Utafiti wa kitaifa wa matumizi ya tumbaku kwa watu wazima wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa asilimia 8.7 ya watu wazima nchini walikuwa wakitumia tumbaku ya namna moja au nyingine: asilimia 14.6 ya wanaume na 3.2 ya wanawake. Kwa viwango vya dunia hizo ni tarakimu za chini, na tunapaswa kuzilinda zisipande. Lakini karibu zote ni za sigara, ugoro na tumbaku ya kutafuna. Huko ndiko mgonjwa anayelala Hospitali ya Bugando anakotoka.

Tazama basi jinsi sigara inavyotozwa. Katika bajeti ya 2017/18 viwango vya ushuru vilikuwa hivi: sigara elfu moja zisizo na kichungi, zenye tumbaku ya ndani kwa zaidi ya asilimia 75, zililipa shilingi 12,447, zenye kichungi na tumbaku ya ndani kwa kiasi hicho zililipa 29,425, nyingine zote 53,235. Igawe mwenyewe. Sigara moja isiyo na kichungi ililipa shilingi 12 na senti. Yenye kichungi, shilingi 29. Mpangilio huo haukupangwa na daktari. Ulipangwa kulinda kiwanda na mkulima, na ndiyo maana sigara iliyokuwa ikilipa kidogo kuliko zote ni ile isiyo hata na kichungi, ambayo mnunuzi wake ni mtu wa kipato cha chini. Kisha katika bajeti ya 2023/24 Serikali ikatangaza kwamba viwango maalumu vya ushuru kwa bidhaa zisizo za mafuta vitapitiwa kila baada ya miaka mitatu badala ya kila mwaka. Wafanyabiashara walishukuru kwa utulivu, na wana haki. Lakini kodi ya shilingi kadhaa kwa sigara, ikiachwa bila kuguswa huku bei za vitu vingine zikipanda, inakuwa ndogo kila mwaka unaopita. Sigara inakuwa nafuu bila mtu yeyote kuipunguza bei.

Hapo ndipo mtu mwenye uchungu wa afya ya jamii angeanzia. Na asiambiwe habari ya mkulima wa Urambo au Kahama. Sehemu kubwa ya jani la Tanzania huuzwa nje. Mkulima humtegemea mnunuzi wa kimataifa kuliko mvutaji wa Nyamagana. Kupandisha ushuru wa fegi ya hapa hakumfungii soko.

Watu wa afya watanijibu kwa neno moja, watoto. Sitalipuuza, kwa sababu ndiyo hoja yao nzito kuliko zote. Kuna kizazi ambacho hakijawahi kushika sigara na kinaingia kwenye nikotini kupitia vepu, kwa rangi zake, kwa ladha zake za tikitimaji na bigijii, kwa kuwa hazinuki kama sigara na mwalimu hazigundui haraka. Kijana wa namna hiyo hajapunguza madhara yoyote, ameyaanza. Kenya iliona kitu kinachofanana mwaka 2020, pale vifuko vya nikotini vya kampuni ya sigara ya BAT vilipoenea kwa vijana hadi waziri wa afya wa wakati ule, Mutahi Kagwe, akatangaza kuwa vilisajiliwa kinyume cha sheria.

Lakini tazama alichokifanya waziri yule. Alishika usajili wa bidhaa, hakusubiri kodi. Mtoto hazuiwi na bei peke yake, maana kifaa kimoja hupita midomo mitano darasani. Mtoto huzuiwa na muuzaji anayejua atafungiwa duka akimuuzia. Sheria yetu ya bidhaa za tumbaku ni ya 2003, na ilitungwa kabla vepu hazijaanza kuzagaa duniani. Fikra zake zote zimejengwa juu ya jani la tumbaku. Tangu 2021 jukumu la kudhibiti bidhaa za tumbaku liko kwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ambayo ina ofisi ya kanda hapa Mwanza. Chombo kipo, basi. Kinachohitajika ni sheria inayotaja kifaa hiki waziwazi: umri wa mnunuzi, kiwango cha juu cha nikotini, ladha zipi zisiruhusiwe, na nani anaruhusiwa kuuza mtandaoni. Kodi haiwezi kufanya hata moja kati ya hayo.

Tena kodi kubwa inaweza kufanya kinyume chake. Mwaka 2019 Marekani ilipata mlipuko wa ugonjwa wa mapafu kwa watumiaji wa vepu. Hadi Februari 2020 watu zaidi ya 2,800 walikuwa wamelazwa au kufa, vifo vikiwa 68. Uchunguzi ulielekea kwenye vikopo vya magendo vyenye kilevi cha bangi, vilivyochanganywa mafuta ya vitamini E. Hakuna aliyekuwa akivikagua. Bidhaa inayopita dirishani haipimwi na mtu.

Na kwa habari ya kupita dirishani tuna ushahidi. Julai 2016 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipiga marufuku shisha. Kwa miezi kadhaa kumbi zilinyamaza, kisha mabomba yakarudi mezani. Machi 1, 2017 ikawa zamu ya viroba, na hapo matokeo yalikuwa bora: pakiti zile za plastiki zilitoweka madukani kweli, kwa sababu viwanda vilivyokuwa vikizifunga vilijulikana vilipo na mashine zao zingeweza kuhesabiwa. Pombe kali haikutoweka, ilihamia kwenye chupa ndogo, lakini mtoto wa shule hakuweza tena kuificha kwenye soksi kwa wepesi ule. Tofauti kati ya amri hizo mbili haiko kwenye ukali. Iko kwenye swali la nani anashika bomba la bidhaa. Viroba vilitoka viwandani. Shisha ilitoka kwenye mizigo midogo midogo ya watu wasiojulikana. Vepu ni ndugu ya shisha kwa njia zake za kuingia.

Stempu za kielektroniki ni mfano mwingine. Zilianza Januari 15, 2019 kwenye sigara na vileo, na ni kazi nzuri. Mtu akiwa na simu yenye programu ya kuhakiki anaweza kujua kama pakiti aliyoishika imelipiwa kodi. Pakiti, nasema. Mteja wa kisiwani anayenunua fegi moja hajawahi kuiona pakiti hiyo kwa karibu, achilia mbali stempu yake. Mkaguzi akifika, ameshuka kwenye kivuko ambacho kila mtu alikiona kikija. Mfumo uliofikiriwa kwa duka lenye rafu unakutana na kibanda chenye kopo. Sisemi stempu hazifai. Nasema kila chombo cha kodi kina mahali kinapoishia, na mahali hapo ndipo sera ya afya inapotakiwa kuwa na kitu kingine mkononi.

Kitu hicho kingine nchi hii inakijua. Februari 2011, mwaka ule ule wa mafuta ya taa, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa watu waliozama kwenye heroini, na huduma hiyo ikafika mikoani, Hospitali ya Sekou Toure hapa Mwanza ikiwamo. Methadoni ni dawa ya kulevya kwa maana ya kitaalamu. Humfanya mtu aendelee kuitegemea kwa miezi na miaka. Serikali huitoa bure, kila siku, mbele ya mhudumu, kwa sababu imekubali kwamba mtu anayekunywa kikombe cha dawa asubuhi na kwenda kazini ni bora kuliko anayejidunga kwa sindano ya kuazima. Hakuna aliyependekeza methadoni itozwe kodi ili kuwafundisha watumiaji adabu. Fikra hiyo ya kupunguza madhara imeshaingia kwenye hospitali zetu kwa upande wa heroini, ambako ni kugumu zaidi. Kwa mvutaji wa sigara tumebaki na onyo na nasaha ya kuacha.

Vibandiko na jojo za nikotini vimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO tangu 2009. Mwambie mvutaji wa kisiwa cha Ukara avitafute kwenye zahanati yake, kisha usubiri jibu.

Jambo la mwisho ni pesa yenyewe. Kodi ya dhambi, kama wengine wanavyoiita, hukusanywa kwa jina la afya na kuingia Mfuko Mkuu pamoja na kodi ya saruji. Bajeti ya 2025/26 ilivunja mazoea hayo kidogo: nyongeza ya ushuru wa vileo ilielekezwa wazi kwenye Mfuko wa UKIMWI na bima ya afya kwa wote. Hata mimi nisiyependa kodi mpya naona heshima katika hilo, maana mlipaji anaweza kuuliza siku moja pesa yake imefanya nini. Kwa vepu hakutakuwa na cha kuuliza. Watumiaji ni wachache, wengi wao wananunua kwa njia zisizopita forodhani, na watakaolipa kikamilifu ni wauzaji wawili watatu wenye mashine ya EFD, ambao ndio pekee tungeweza kuwakagua. Tukiwafilisi hao, hatutabaki na mtu wa kumwonyesha kanuni.

Uingereza, ambayo nayo imeamua kuanza kutoza vimiminika vya vepu pauni 2.20 kwa kila mililita 10 kuanzia Oktoba 2026, ilipotangaza ushuru huo mwaka 2024 iliahidi pia kupandisha ushuru wa sigara siku hiyo hiyo, pauni 2.20 kwa kila sigara 100, ili mvutaji asione sababu ya kurudi nyuma. Sikubaliani nao kuhusu kodi yenyewe. Ila walikumbuka ile tofauti ya bei, jambo ambalo jirani yetu wa kaskazini alilipindua juu chini.

Kwa hiyo niseme na wabunge wa Kanda ya Ziwa, ninyi mnaoujua mwalo kuliko mtu wa Hazina. Muswada wa fedha ukifika mezani ukiwa na mstari wa kuongeza kodi kwenye sigara za kielektroniki kwa ajili ya afya, ukataeni mstari huo na mdai mitatu mahali pake: ushuru wa sigara ya kuwasha, hasa isiyo na kichungi, upande na uendelee kupanda kila mwaka pamoja na bei za vitu vingine, sheria ya 2003 irekebishwe ili TMDA iweze kumfungia duka anayemuuzia mtoto kifaa hiki, na sehemu ya pesa ya sigara inunue vibandiko vya nikotini vifike hadi zahanati ya Ukara. Mkiipata mitatu hiyo, na ikaonekana baada ya miaka michache kwamba vijana bado wanazama kwenye vepu, leteni mjadala wa kodi tena, na mimi nitakuwa tayari kuusikiliza.